Damu au Malezi: Mkatili Hutoka Wapi?

Mwaka 1978 mwanamke mmoja alifika hospitali ya chuo kikuu mjini Nijmegen, Uholanzi, kuomba ushauri. Yeye mwenyewe alikuwa mzima. Waliomtia wasiwasi ni wanaume wa ukoo wao. Kwa vizazi kadhaa baadhi yao walizaliwa na akili nzito kidogo, kisha wakawa na hasira za ghafla zisizolingana na jambo lililowaudhi. Mmoja alipatikana na hatia ya kumbaka dada yake, na alipopelekwa kwenye kituo cha kutunzwa akamchoma msimamizi kifuani kwa uma wa kukusanyia nyasi. Mwingine alijaribu kumgonga bosi wake kwa gari baada ya kukaripiwa kazini. Wengine walichoma nyumba moto. Wanawake wa ukoo huo huo hawakuwa na shida hiyo.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1993, daktari Han Brunner na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba wameiona kasoro yenyewe. Ilikuwa badiliko la herufi moja tu katika jeni moja. Magazeti yakapata kichwa cha habari, na swali la zamani likafufuka: je, mtu mkatili huzaliwa au hufanywa?

Kwetu swali hili tumelijibu kwa methali, na tumelijibu pande zote mbili. Kijana wa mtaani akikamatwa kwa mauaji, jirani mmoja husema mtoto wa nyoka ni nyoka, mwingine husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wote hutikisa kichwa, na kila mmoja huenda nyumbani akiamini amesema kweli. Sayansi imechukua zaidi ya miaka 100 kuchunguza ni nani kati ya majirani hao yuko sahihi, na jibu ililolipata ni tofauti na wanavyodhani wote wawili. Ili tulielewe jibu hilo, inabidi tuanze chini kabisa, kwenye jeni yenyewe.

Jeni hufanya kazi gani

Ndani ya karibu kila seli ya mwili wako kuna uzi mrefu wa DNA ulioandikwa kwa herufi nne za kikemia zinazojirudia kwa mpangilio mbalimbali. Kipande cha uzi huo chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani ndicho kinachoitwa jeni. Binadamu ana jeni za namna hiyo takriban 20,000. Protini nazo ndizo hujenga misuli, hubeba oksijeni katika damu, hupambana na vijidudu, na huharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini. Zile za kuharakisha huitwa vimeng'enya.

Zingatia hapo jeni inapoishia: kwenye protini. Hakuna jeni inayoandika "chukua panga". Hakuna jeni inayojua sheria ya jinai, kwani uhalifu hufafanuliwa na bunge, na tendo lile lile huwa kosa katika nchi moja na lisiwe kosa katika nchi nyingine. Kutoka kwenye protini hadi kwenye mkono unaoinuka kumpiga mtu ni safari ndefu. Inapita katika seli za neva, katika mfumo wa ubongo, katika kumbukumbu za utotoni, katika pombe iliyonywewa jioni ile, na katika neno alilolisema aliyepigwa. Mtu anayesema "jeni ya uhalifu" ameruka safari yote hiyo.

Jeni iliyopatikana Nijmegen huitwa MAOA. Hutoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunjavunja kemikali ambazo seli za ubongo hutumia kupelekeana taarifa, zikiwemo serotonini, noradrenalini na dopamini. Kemikali hizi zina mchango mkubwa katika hisia, woga, furaha na uwezo wa kujizuia. Zikishapeleka ujumbe lazima ziondolewe, la sivyo ujumbe utaendelea kulia. Kwa wanaume wa ukoo ule, herufi moja iliyobadilika iliigeuza sehemu ya maelekezo kuwa amri ya kusimama, na ujenzi wa protini ukakatika baada ya kuvuka nusu ya njia kidogo tu. Kimeng'enya hakikupatikana kabisa.

Kwa nini wanaume peke yao? Jeni ya MAOA imekaa kwenye kromosomu X, kimojawapo cha vifurushi vya DNA vilivyomo katika seli. Mwanamke ana kromosomu X mbili, kwa hiyo nakala moja ikiharibika nyingine humsaidia. Mwanamume ana X moja, aliyopewa na mama yake. Ikiharibika hana akiba. Ndiyo maana akina mama wa ukoo ule waliibeba kasoro bila kuugua, wakaipitisha kwa wana wao.

Mpaka hapo jirani wa kwanza anaweza kujipongeza. Mtoto wa nyoka ameonekana. Lakini aangalie mambo mawili kabla hajashangilia. La kwanza, kasoro ya namna hiyo ni adimu mno. Tangu mwaka 1993 zimepatikana familia chache tu duniani zenye jeni ya MAOA iliyozimika kabisa. Haiwezi kueleza magereza yaliyojaa. La pili, hata ndani ya ukoo ule mmoja, wenye kasoro ile ile walifanya mambo tofauti: huyu moto, yule uma, mwingine kujianika uchi mbele za watu. Kasoro iliwapunguzia uwezo wa kuzuia hasira na misukumo. Namna hasira hiyo ilivyotoka nje iliamuliwa na mengine.

Namna ya kutenganisha damu na nyumba

Tuache ugonjwa adimu, tuje kwa watu wa kawaida. Mtoto wa mhalifu akiwa mhalifu hatujajifunza kitu, kwa sababu baba huyo huyo aliyempa damu ndiye aliyempa nyumba, mtaa, njaa na vipigo. Lazima tupate mahali ambapo damu na nyumba vimetengana.

Wataalamu wana njia mbili kuu. Ya kwanza ni mapacha. Mapacha wa yai moja wana DNA inayofanana karibu yote. Mapacha wa mayai mawili hulingana kama ndugu wengine wa tumbo moja, nusu kwa nusu. Wote hulelewa nyumba moja, umri mmoja. Kama mapacha wa yai moja hufanana kitabia kuliko wale wengine, ziada hiyo ya kufanana huhesabiwa kuwa imetokana na urithi. Mwaka 2002 Soo Hyun Rhee na Irwin Waldman walikusanya tafiti 51 za mapacha na za watoto walioasiliwa kuhusu tabia za kuvunja kanuni na kudhuru wengine. Tofauti kati ya watu ziligawanyika hivi: asilimia 41 urithi, asilimia 16 mazingira ambayo ndugu hushiriki pamoja, na asilimia 43 mazingira ambayo kila mtu huyapitia kivyake, pamoja na makosa ya vipimo.

Njia ya pili ni kuwafuatilia watoto walioasiliwa wakiwa wachanga. Damu yao imetoka kwa wazazi wamoja, malezi yametoka kwa wazazi wengine. Denmark ilikuwa na kumbukumbu za kutosha kwa kazi hiyo. Mwaka 1984 Sarnoff Mednick na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 14,427 walioasiliwa nchini humo kati ya mwaka 1924 na 1947, wakilinganisha rekodi za mahakama. Kwa wana wa kiume ambao wazazi wao wa damu na wa kuasili wote hawakuwa na hatia, asilimia 13.5 walipatikana na hatia. Mzazi wa kuasili peke yake akiwa na hatia, kiwango kilikuwa asilimia 14.7. Mzazi wa damu peke yake akiwa na hatia, kilipanda hadi asilimia 20. Wote wakiwa na hatia, kilifika asilimia 24.5.

Hesabu hizo zimenukuliwa mara nyingi kuonyesha kuwa damu ina nguvu. Sehemu ambayo haitajwi sana ni hii: uhusiano huo na wazazi wa damu ulionekana katika makosa ya mali, kama wizi. Katika makosa ya ukatili haukuonekana kwa kiwango cha kuaminika. Anayetaka kutumia Denmark kuthibitisha kwamba uuaji hurithiwa ameushika ushahidi usiomsaidia. Isitoshe, familia zinazoruhusiwa kuasili huchujwa kwanza. Nyumba zenye fujo kupita kiasi hazipewi mtoto. Kwa hiyo utafiti wa aina hii hupima malezi mema dhidi ya malezi ya wastani, na malezi mabaya kabisa huachwa nje ya kipimo.

Asilimia 41 ya nini?

Namba ile ya asilimia 41 ndiyo inayowapotosha watu kuliko zote. Wengi huisoma hivi: ukimchukua mhalifu mmoja, asilimia 41 ya uhalifu wake imetoka kwenye damu na iliyobaki kwa malezi. Usomaji huo ni wa makosa. Namba hiyo haimhusu mtu mmoja hata kidogo. Inahusu kundi la watu, na inauliza: kati ya tofauti tunazoziona baina yao, kiasi gani kinakwenda sambamba na tofauti zao za jeni, katika mazingira hayo waliyomo?

Mfano mzuri ni urefu wa kimo. Katika nchi tajiri takriban asilimia 80 ya tofauti za kimo kati ya watu huhusishwa na urithi. Mtu angedhani basi kimo hakibadiliki. Lakini wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwaka 1996 ni warefu kwa takriban sentimita 20 kuliko wale waliozaliwa mwaka 1896. Jeni za taifa hazikubadilika kwa miaka 100. Kilichobadilika ni chakula na afya. Watoto wote waliongezeka kimo, huku mrefu akibaki mrefu kuliko mwenzake kwa sababu za urithi. Jambo linaweza kurithiwa sana, na bado mazingira yakaligeuza sana.

Mauaji yamepita njia hiyo hiyo. Wanahistoria wa uhalifu waliochambua kumbukumbu za kale wanakadiria kwamba katika miji mingi ya Ulaya ya zama za kati waliuawa watu 20 hadi 40 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Leo katika nchi nyingi za Ulaya Magharibi ni mtu mmoja hivi kwa kila 100,000. Wajukuu wa wauaji wale wameketi leo kwenye treni wakisoma simu zao. Damu ni ile ile. Kilichobadilika ni mahakama, shule, polisi, namna ya kulea, na desturi ya kulipiza kisasi kwa mkono wako mwenyewe.

Watoto wa Dunedin

Sasa tufike kwenye utafiti uliowaweka majirani wetu wawili kwenye benchi moja. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watafiti waliwaandikisha watoto 1,037 waliozaliwa kati ya Aprili 1972 na Machi 1973. Wamekuwa wakiwapima tangu wakiwa na miaka 3, mara kwa mara, mpaka utu uzima: afya yao, tabia yao, nyumba zao, na baadaye rekodi zao za polisi.

Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao waliwachambua wanaume 442 wa kundi hilo, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Safari hii hawakutafuta jeni iliyokufa kama ya Nijmegen. Jeni ya MAOA ina aina mbili za kawaida zinazopatikana kwa watu wenye afya: moja hutoa kimeng'enya kingi, nyingine hutoa kidogo. Aina ya kidogo si adimu. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, takriban mmoja kati ya watatu anayo. Kisha wakaangalia nani alitendewa vibaya kati ya umri wa miaka 3 na 11: kupigwa, kudhalilishwa kingono, kukataliwa na mama, kubadilishiwa walezi mara kwa mara. Asilimia 8 walitendewa vibaya sana, na asilimia 28 pengine walitendewa vibaya kwa kiasi.

Matokeo yalikuwa hivi. Aina ya jeni peke yake haikutabiri ukatili. Mvulana mwenye kimeng'enya kidogo aliyelelewa kwa upendo hakuwa mkatili kuliko wenzake. Kutendewa vibaya kulitabiri, ila si kwa wote sawasawa: waliokuwa na kimeng'enya kingi walihimili zaidi. Viwili vilipokutana, kimeng'enya kidogo na utoto wa mateso, hatari ilipanda ghafla. Wenye mchanganyiko huo walikuwa asilimia 12 tu ya wanaume wale, lakini walibeba asilimia 44 ya hukumu zote za makosa ya ukatili katika kundi. Miongoni mwa wenye kimeng'enya kidogo waliotendewa vibaya sana, asilimia 85 walionyesha aina fulani ya tabia ya kudhuru wengine au kuvunja kanuni.

Hapo swali letu la mwanzo linavunjika mikononi. Kuuliza kama ukatili wa kijana fulani wa Dunedin ulitokana na jeni au na malezi ni kama kuuliza kama ugali uliopo mezani umetokana na unga au na moto. Ondoa kimojawapo, hakuna ugali wa kugawana. Vitu vinavyofanya kazi kwa kukutana haviwezi kugawanywa kwa kutoa na kujumlisha.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mfano wa jambo hili karibu nao zaidi, katika damu yenyewe. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na kwamba jeni hiyo ilikuwa nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, palipo na mbu, kuliko nyanda za juu zenye baridi. Jeni moja, watu wa aina moja. Kando ya ziwa ni ngao, penye baridi haina faida. Jeni haina thamani yake yenyewe. Thamani hupewa na mahali inapoishi.

Malezi huingiaje mwilini?

Jirani wa pili naye ana somo lake. Watu wengi wakisikia neno malezi hufikiri juu ya mawaidha: mtoto kaambiwa, kasikia au hakusikia. Biolojia inasema malezi huingia ndani zaidi ya masikio.

Katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Michael Meaney na wenzake walichunguza panya. Wapo panya jike wanaowalamba na kuwapapasa watoto wao sana, na wapo wanaofanya hivyo kwa nadra. Watoto wa wale wa nadra hukua wakiwa waoga, na miili yao humwaga homoni za msongo kwa wingi hata kwa jambo dogo. Watafiti waliwabadilisha watoto: waliozaliwa na mama wa nadra wakalelewa na mama mwenye kulamba. Wakakua watulivu. Katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2004, waliona alama za kikemia zilizobandikwa juu ya jeni inayosaidia ubongo kuituliza homoni ya msongo. Kwa watoto waliopapaswa sana alama hizo zilikuwa chache na jeni ilifanya kazi. Kwa waliopuuzwa, jeni ilizibwa. Herufi za DNA hazikubadilika. Kilichobadilika ni kusomwa kwake.

Binadamu si panya, na ubongo wa mtoto aliye hai haufunguliwi kwa kisu. Lakini picha za ubongo zinaelekea upande huo huo. Mwaka 2006 Andreas Meyer-Lindenberg na wenzake walionyesha kwamba wanaume wenye aina ya MAOA ya kimeng'enya kidogo, hata wakiwa wazima na wasio na kosa lolote, amigdala yao husisimka zaidi wanapoonyeshwa nyuso zenye hasira au hofu, na sehemu ya mbele ya ubongo inayosaidia kujizuia huitikia kwa unyonge zaidi. Amigdala ni kiungo kidogo ndani ya ubongo kinachonusa hatari. Mtoto mwenye kiungo hicho chepesi, akilelewa penye usalama, hukosa la kukisisimua. Akilelewa penye kofi la kila siku, hujifunza kuuona uso wa kila mtu kama tishio, naye hupiga kabla hajapigwa.

Kinachofahamika na kisichodaiwa

Matokeo ya Dunedin hayakukubaliwa kwa imani. Yamerudiwa na wengi. Baadhi waliyaona tena, wengine hawakuyaona. Mwaka 2014 Amy Byrd na Stephen Manuck walijumlisha tafiti 27 na kukuta kwamba kwa wanaume uhusiano wa MAOA na mateso ya utotoni upo kweli, ingawa nguvu yake ni ya wastani. Kwa wanawake hali haikuwa hivyo. Wataalamu wa leo hawatafuti tena jeni moja ya kulaumu. Tabia ya mwanadamu huguswa na jeni nyingi mno, kila moja kwa kiasi kidogo sana.

Na asilimia si hukumu. Theluthi ya wanaume wa Ulaya wana aina ya kimeng'enya kidogo. Kama ingekuwa jeni ya uuaji, mitaa yao isingepitika. Mateso nayo si hukumu. Cathy Widom aliwafuatilia nchini Marekani watoto 908 ambao mahakama ilithibitisha walipigwa, walidhalilishwa au walitelekezwa, akawalinganisha na wengine 667 wa hali zinazofanana. Waliotendewa vibaya walikamatwa kwa makosa ya ukatili zaidi ya wenzao, lakini walio wengi kabisa kati yao hawakuwahi kukamatwa kwa kosa la namna hiyo. Yeyote aliyepigwa utotoni na akawa baba mpole ni ushahidi wa sayansi hii, wala haipingi.

Madaktari waliodhani wameona

Tahadhari hii ina historia yenye maumivu. Mwaka 1876 daktari Cesare Lombroso wa Italia alichapisha kitabu akidai mhalifu wa kuzaliwa hutambulika kwa fuvu, taya na masikio yake. Alipima wafungwa wengi bila kuwalinganisha ipasavyo na raia wa nje. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1965, watafiti wa Scotland waliwakuta wanaume wenye kromosomu Y ya ziada katika hospitali yenye ulinzi mkali, na dhana ikaenea kwamba Y mbili hufanya muuaji. Hata mtu aliyewaua wanafunzi wa uuguzi 8 mjini Chicago mwaka 1966 alitangazwa kuwa na kromosomu hiyo. Alipopimwa vizuri, hakuwa nayo. Watafiti walipoacha kuchungulia hospitalini tu na kwenda kwa watu wa kawaida, kama Denmark walikopima wanaume warefu 4,139 na kuwapata 12 wenye Y ya ziada, hawakukuta dalili kwamba hao 12 ni wakatili kuliko wengine. Ukitafuta samaki kwenye ndoo ya samaki pekee, utasema dunia yote ni samaki.

Kenya ilionja somo hilo kwa uchungu. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika katika ripoti iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akimfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Muda mfupi baadaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kueleza saikolojia ya Mau Mau. Watu waliokuwa wakidai ardhi yao wakageuzwa wagonjwa wa kichwa. Sababu ya vita ilikuwa shambani, naye akaitafuta ndani ya fuvu.

Ndiyo maana mahakama zinapaswa kwenda taratibu. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Trieste, Italia, ilimpunguzia muuaji mmoja kifungo kwa mwaka 1, ikizingatia pamoja na mengine kwamba alikuwa na aina ya MAOA ya kimeng'enya kidogo. Hoja hiyo ina makali pande mbili. Wakili atasema mteja wake hakujiweza, apunguziwe. Mwendesha mashtaka atajibu kwamba basi hatabadilika, afungiwe zaidi. Wote wawili wanaipa jeni nguvu ambayo vipimo havikuipa. Vipimo vya kundi husema juu ya kundi. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema kwa nini mtu huyu, usiku ule, alichomoa kisu.

Kilichomo mikononi mwetu

Turudi kwa majirani. Yule wa mtoto wa nyoka ana sehemu ya kweli: watu huzaliwa na miili tofauti, na wengine huwaka upesi kuliko wengine. Yule wa malezi ana sehemu kubwa zaidi katika jambo la kutenda, kwa sababu ya hesabu moja nyepesi. Ikiwa hatari hutokea vitu viwili vinapokutana, inatosha kuondoa kimoja. Jeni ya mtoto hatuwezi kuibadilisha, wala hakuna haja ya kuijua. Mateso tunaweza kuyaondoa, na tukiyaondoa kwa watoto wote, yule mwenye jeni dhaifu ananufaika kuliko wote bila mtu kumpima wala kumbandika jina.

Hili limejaribiwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Elmira, jimbo la New York, David Olds na wenzake waliwapeleka wauguzi kuwatembelea nyumbani akina mama wachanga wajawazito, wengi wao maskini, tangu mimba mpaka mtoto afikishe miaka 2. Muuguzi aliwasaidia kuacha sigara, kula vizuri, na kumwelewa mtoto anapolia. Watoto hao walipofika miaka 15 walikuwa wamekamatwa mara chache zaidi kuliko watoto wa akina mama wa hali hiyo hiyo wasiotembelewa. Hakuna jeni iliyoguswa.

Kazi ya namna hiyo inatusubiri hapa. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 uliwauliza vijana wa kike na wa kiume juu ya utoto wao. Karibu robo tatu ya wote, wasichana na wavulana sawia, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18, na karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono. Wengi wa hao hawatamdhuru mtu maishani. Lakini sehemu ya mchanganyiko wa Dunedin iliyo katika uwezo wa binadamu ndiyo hiyo, nasi tunaizalisha kila siku kwa fimbo, kwa ngumi na kwa kunyamaza.

Hivyo basi, mzazi anayempiga mtoto mkorofi kwa kudhani ukorofi umo damuni anamwongezea kile kile kinachoifanya damu hiyo iwe hatari. Mwalimu anayemwita mtoto wa mfungwa "mwana wa yule" anafanya hivyo hivyo. Mtoto mwenye hasira za haraka anahitaji utulivu zaidi ya wenzake, wala si viboko zaidi yao. Na ukimjua mtoto anayeteswa nyumba ya pili, usiseme ni mambo ya familia: Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, simu ya kuwasaidia watoto ni 116, na kuipiga ni bure.